Gundi inayoshikanisha seli zetu ndiyo hiyo hiyo inayowatuliza askari wa kinga (uzi mrefu kidogo)

Fundi Hadubini

Wakuu salaam.

Mimi ni fundi maabara, upande wa patholojia. Nyama inayotolewa chumba cha upasuaji inakuja kwangu kwenye kikopo cha formalini. Naichakata, naizamisha kwenye nta, naikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, naipaka rangi, kisha daktari anakaa nayo kwenye hadubini. Kati ya rangi zote, moja sijawahi kuichoka: ile inayoonyesha protini iitwayo kadherini E. Ukiipaka kwenye titi lenye afya unaona masega ya nyuki, kila seli imezungushiwa mstari wa kahawia pale inapokumbatiana na jirani yake. Halafu kuna saratani ya titi aina ya lobula. Hapo masega hayapo. Seli zimejipanga mstari mmoja mmoja kama siafu wanaovuka njia, na mara nyingi rangi haijashika popote, maana gundi yenyewe imepotea.

Kwa miaka mingi nilijua hivyo tu, kadherini E ni gundi, basi. Wiki iliyopita nikawa nasoma habari za seli za kinga, nikakutana na jambo lililoniweka macho hadi saa nane usiku. Gundi hiyo inasomwa. Seli za kinga zina vipokezi vinavyoigusa, na kimoja kati ya hivyo kikishaigusa, askari anashusha silaha.

Nimeleta hapa kwa sababu tumezoeshwa kuiona kinga ya mwili kama jeshi la kuua tu. Kula tangawizi uongeze kinga, kunywa hiki upandishe kinga. Hakuna anayetuambia kwamba kazi kubwa ya kinga ni kujizuia, na kwamba mahali inapojizuia sana ni mpakani.

Mpakani namaanisha epithelia, yaani zile safu za seli zinazofunika mwili nje na ndani: ngozi, ukuta wa mdomo, mapafu, utumbo, kibofu, mlango wa kizazi. Chukua utumbo mwembamba. Ukuta unaotenganisha chakula chako, pamoja na bakteria wake wote, na damu yako, una unene wa seli MOJA. Seli hizo hudumu siku 3 hadi 5 hivi, zinakufa, nyingine zinachukua nafasi. Katikati yake, kama walinzi waliobanana na abiria kwenye daladala, wamekaa askari aina ya seli T, takribani mmoja kwa kila seli 10 za ukuta. Askari hawa wana uwezo wa kuua kwa dakika chache. Wakimshambulia kila wanayemhisi vibaya, ukuta unaisha leo leo.

Kwa hiyo wanabishana nini na ukuta siku nzima? Nakuja nayo post inayofuata.

Kibuyu cha Asali

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu usije ukatokomea kama wale wa "itaendelea".

Fundi Hadubini

Sitokomei.

Kwanza tuielewe gundi. Kadherini E imesimama kwenye ubavu wa seli kama mkono uliokunjuliwa, wenye vipande vitano. Mkono wa seli hii unashika mkono wa seli ya pili kwa ncha. Mikono hiyo inahitaji kalsiamu ili isimame wima. Ukiondoa kalsiamu inalegea, na seli zinaachana. Ndiyo maana watu wanaofuga seli maabara, wakitaka kuzibandua kwenye sahani, huweka EDTA, ile ile iliyomo kwenye chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau, kwa sababu inafyonza kalsiamu. Aliyeibua kundi hili la protini ni Masatoshi Takeichi wa Japani, na hiyo kalsiamu ndiyo iliyompa fununu. Hata jina kadherini limetokana nayo.

Sasa twende kwa askari. Seli T ya utumboni ina kipokezi kiitwacho CD103. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba kinachoshikwa na CD103 ni kadherini E. Maana yake mlinzi anajishikiza kwenye ukuta kwa kutumia gundi ile ile ya ukuta. Huo ni mkono wa kukaa.

Kuna kipokezi kingine, KLRG1. Kipo kwenye baadhi ya seli T, hasa zile zilizopigana na kugawanyika mara nyingi, na kwenye seli NK, wale wauaji wa asili. Mwanzoni kiligunduliwa kwenye seli za panya zinazohusika na mzio, na kwa miaka mtu hakujua kinashika nini. Mwaka 2006 makundi mawili, moja Japani na moja Ujerumani, yakapata jibu: kinashika kadherini, E ikiwemo. Na kikishika, seli NK inapunguza kuua.

Yaani gundi moja ina mikono miwili ya askari juu yake. Mmoja unamwambia "kaa hapa", mwingine "tulia".

Na ukifikiri, ni akili kubwa. Askari anapitapita, anapiga hodi. Nyumba iliyo imara, ambayo seli zake zimeshikana vizuri na zina kadherini tele, inajibu "wenyeji tupo". Nyumba iliyobomoka haijibu.

Mzee wa Kilwa

Nimesoma taratibu nimeelewa, shukrani kijana. Lakini hapo "kikishika anatulia" umeruka. Anatulia vipi? Kitu kimegusa nje, ndani kunatokea nini?

Fundi Hadubini

Shikamoo mzee. Swali zuri, niliruka makusudi nikidhani litachosha watu.

Seli haina macho. Habari ya nje inaingia ndani kwa mihuri. Kipokezi cha kuamsha kikigusa adui, vimeng'enya fulani ndani ya seli vinaanza kugonga mihuri ya fosfeti kwenye mikia ya protini. Mhuri mmoja unaita mwingine, mpaka amri inafika: toa sumu, ua.

Kipokezi cha breki nacho kina mkia unaoning'inia ndani, na kwenye mkia huo kuna sehemu fupi yenye tairosini (aina ya asidi amino), maalumu kwa kazi hii. Kikishika kitu nje, mkia huo nao unagongwa mhuri. Ila mhuri huu hauiti wagongaji wengine. Unaita wafutaji, vimeng'enya kama SHP-1 na SHP-2, ambavyo kazi yao ni kung'oa fosfeti. Wanafuta mihuri iliyogongwa jirani na pale. Amri inafia njiani.

Kwa hiyo breki haimlazi askari usingizi. Amri ya kuua inaandikwa na inafutwa papo hapo, meza moja. Ndiyo maana ni lazima breki na kichochezi vikae karibu karibu kwenye ngozi ya seli, mahali pale pale anapogusana na anayemkagua. Breki iliyoko mgongoni haisaidii.

Dk Mstaafu

Niingie kidogo nipunguze moto, maana naona watu wataondoka hapa wanadhani KLRG1 ndiyo kila kitu.

Mosi, KLRG1 hushika kadherini kwa nguvu ndogo. Ni mguso wa kupita, unahitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Pili, mwaka 2010 walichapisha habari za panya waliotolewa jeni ya KLRG1 kabisa. Unajua walipata nini? Panya wazima, seli T na NK zinaendelea na kazi kama kawaida. Linganisha na panya waliotolewa breki nyingine, CTLA-4, mwaka 1995: wale walikufa ndani ya wiki chache, seli T zimejaa kwenye moyo na viungo vingine. Na waliotolewa PD-1 mwaka 1999 walipata ugonjwa wa kinga kujishambulia, lakini polepole, uzeeni.

Breki ziko nyingi na hazilingani uzito. Kijana ameandika vizuri, ila uzuri wa hadithi usitupofushe.

Fundi Hadubini

Nimepokea daktari, na nakushukuru. Kweli nilipenda mno hadithi ya gundi kwa sababu naiona kila siku kwenye slaidi. Nijitetee kidogo tu: panya wa maabara anaishi kwenye banda safi, chakula kimechemshwa, hana maambukizi. Breki ambayo haionekani kazi yake kwenye barabara tambarare huenda ni ya mlimani.

Nina swali kwako. Saratani inayopoteza kadherini E, kama zile siafu zangu, si inakuwa imejichongea? Imetupa kitu kinachomtuliza askari.

Dk Mstaafu

Ungedhani hivyo. Lakini kumbuka mikono ni miwili. Ikitupa kadherini E imetupa breki ya KLRG1, na imetupa pia kishikio cha CD103. Seli T inayotaka kuua seli ya saratani inahitaji kuishikilia wakati inamwaga sumu, na hicho kishikio kinasaidia. Asiye na kishikio anateleza.

Kuna jambo baya zaidi. Saratani nyingi za epithelia zikianza kusafiri hubadili gundi, zinaacha kadherini E zinavaa kadherini N. CD103 haiishiki N. KLRG1 inaishika. Piga hesabu mwenyewe nani kabaki na nani katoka.

Fundi Hadubini

Daktari hapo umenimaliza. Breki imebaki, kishikio kimetoka.

Kibuyu cha Asali

Kwa hiyo saratani ni ile mpangaji anabadilisha kitasa halafu mwenye nyumba ananyimwa funguo ila mgambo anaendelea kusalimiwa vizuri 😂

Mtaa wa Saba

Mada nzito lakini tamu. Swali la kitaa, msinicheke: jamaa yangu kapata kisonono mara nne. Kila akipona anarudi nacho. Kinga yake haijifunzi? Mbona surua ukiugua mara moja basi?

Fundi Hadubini

Hatukucheki. Mwambie jamaa "yako" apime na mwenzake pia, na akamalize dozi. Ila umegusa mulemule kwenye mada.

Kuna protini nyingine ya familia tofauti, CEACAM1. Iko kwenye epithelia, na iko pia kwenye seli za kinga, na molekuli za CEACAM1 hushikana zenyewe kwa zenyewe kati ya seli na seli. Upande wa seli T, mkia wake wa ndani una zile tairosini za kuita wafutaji. Ni breki nyingine inayosomwa mpakani.

Bakteria wa kisonono wana protini za nje zinaitwa Opa. Opa nyingi zinashika CEACAM. Kwanza zinazitumia kujibandika kwenye utando wa njia ya mkojo na mlango wa kizazi. Halafu, mwaka 2002, ilichapishwa kwamba bakteria hao wakizishika CEACAM1 zilizo kwenye seli T, seli hizo zinashindwa kuamka na kuongezeka. Yaani mdudu amejifunza neno la "wenyeji tupo" na analitamka mlangoni. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini mwili hauweki kumbukumbu nzuri. Nyingine ni kwamba anabadili sura zake za nje kila mara.

Mwili nao ukajibu. Seli nyeupe zinazomeza bakteria zina CEACAM3, inayofanana na ndugu zake usoni lakini mkia wake ni wa kuamsha. Opa ikidhani imeshika CEACAM1, kumbe ni mtego, bakteria anamezwa. Ule usaha jamaa anaouona ni seli hizo.

Na si kisonono tu. Listeria, bakteria wa maziwa na nyama zisizopikwa vizuri, anatumia kadherini E yenyewe kama mlango wa kuingilia utumboni. Panya wa kawaida haimpati kwa njia hiyo kirahisi, kwa sababu kwenye kadherini yake asidi amino moja, namba 16, si sawa na ya kwetu, na hiyo inatosha kumzuia. Moja tu! Sawa, hiyo si breki, nimechepuka. Turudi.

Mtaa wa Saba

Nimesema ni jamaa yangu jamani.

Msoma Kimya

Huwa nasoma tu sichangii, leo nimeguswa. Shangazi yangu alipelekwa India kwa saratani ya mapafu. Akapewa dripu ya dawa ambayo daktari alituelezea kwamba "haiui saratani, inatoa breki za kinga". Uvimbe ulinywea kweli. Mwezi wa tatu akaanza kuharisha, mara nane kwa siku, tumbo linanyonga. Tulidhani ni chakula cha kule, tukachelewa kusema. Mpaka leo sikuelewa kuhara kunaingiaje kwenye dawa ya mapafu.

Fundi Hadubini

Pole sana ndugu, mwambie shangazi tunamwombea. Dk Mstaafu naomba ulichukue hili, ni lako.

Dk Mstaafu

Pole sana. Nitajaribu kueleza.

Dawa za kundi hilo ni kingamwili zinazoziba breki. Ya kwanza kuidhinishwa, ipilimumab mwaka 2011, huziba CTLA-4. Zilizofuata mwaka 2014, pembrolizumab na nivolumab, huziba PD-1. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi iliyozaa dawa hizi.

PD-1 iko kwenye seli T. Mwenzake, PD-L1, huvaliwa na seli nyingi zikiwemo za epithelia, hasa zikihisi interferoni gama, kemikali ya seli za kinga ambayo ndiyo moshi wa vita. Maana yake, askari akianza kupigana mpakani, ukuta unavaa PD-L1 kumwambia "umefika mbali, punguza". Saratani ya mapafu ni mtoto wa epithelia. Imerithi ujanja huo, inavaa PD-L1 na kuuvaa muda wote.

Sasa dripu haijui mtaa. Inaziba breki kwenye uvimbe, inaziba na utumboni. Wale walinzi waliobanana na abiria aliowataja Fundi, wamekaa hapo miaka wakizungukwa na bakteria, wameshikilia silaha, breki zimekanyagwa. Ukitoa breki, wanafyatuka. Mwaka 2020 walipochunguza seli T za wagonjwa waliovimba utumbo mpana (si saratani) kwa sababu ya dawa hizi, waliona sehemu kubwa ya wauaji wale wanatokana na wakazi wa pale pale utumboni. Hawakutoka mbali.

Ndiyo maana madhara yanakuja kwenye mipaka: kuhara, vipele vya ngozi, mapafu kuvimba. Ini na tezi pia. Kuhara kunatokea zaidi kwa dawa za CTLA-4, lakini hata za PD-1 kupo. Tiba ni kusimamisha dripu na kutoa prednisolone au ndugu zake, dawa za kutuliza kinga, kwa dozi ya kutosha, na ikishindikana kuna dawa nyingine kama infliximab. Kosa kubwa ni hilo mlilofanya bila kujua, kukaa kimya. Mgonjwa wa dawa hizi akiharisha zaidi ya kawaida yake, asinunue dawa ya kufunga tumbo dukani. Apige simu siku hiyo hiyo.

Msoma Kimya

Alipewa hizo hizo prednisolone na akapona tumbo. Sasa nimeelewa. Asante daktari, ungekuwa karibu ningekununulia soda.

Binti Mkunga

Hodi wakuu. Mimi ni mkunga, na nimekuwa nasoma nikisubiri mtu aseme neno kuhusu mimba. Mtoto tumboni nusu ni wa baba. Kondo la nyuma limejichimbia ndani ya mama. Mbona hao askari hawalifukuzi? Na je, seli za kondo ni epithelia?

Fundi Hadubini

Karibu dada mkunga. Nilikuwa nimeiweka hii mwisho makusudi, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko zote, na ilifanyika jirani zetu hapa Kampala.

Ndiyo, seli za nje za kondo, trofoblasti, ni za ukoo wa epithelia. Mimba ikiwa changa, kundi lake moja linaacha safu na kujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, kufuata mishipa ya damu ya mama ambayo imejiviringa kama springi. Kazi yao ni kuitanua: kuondoa misuli yake ili iwe mipana na milegevu, damu iingie kwa wingi bila presha. Wasipofika mbali vya kutosha, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu, na miezi ya mbele mama anapanda presha, protini zinatoka kwenye mkojo. Mwisho wa njia hiyo unaujua kuliko mimi, kifafa cha mimba.

Na pale zinapojichimbia, zinakutana na nani? Seli NK. Katika miezi mitatu ya kwanza, takribani asilimia 70 ya seli zote za kinga kwenye ukuta ule ni NK. Wauaji wa asili, wamejaa kwenye chumba cha mtoto!

Hawaui. Trofoblasti hizi hazivai HLA-A wala HLA-B, ambazo ndizo kitambulisho cha kawaida kinachofanya figo ya mtu mwingine ikataliwe. Zinavaa HLA-C, HLA-E na HLA-G. HLA-E inashika breki ya NK iitwayo NKG2A. HLA-C inashika vipokezi vya KIR. Na hapa ndipo pana utamu, kwa sababu KIR zinatofautiana mtu na mtu, na HLA-C ya mtoto nusu imetoka kwa baba.

HLA-C iko ya makundi mawili, C1 na C2. C2 inakanyaga breki iitwayo KIR2DL1, na inaikanyaga kwa nguvu. Mama naye ana mafungu ya jeni za KIR, fungu A lenye breki kwa wingi, na fungu B lenye vichochezi zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba mama aliyerithi fungu A pande zote mbili, akibeba mtoto mwenye C2, yumo kwenye hatari zaidi ya kupata presha ya mimba.

Binti Mkunga

Subiri. Breki NYINGI ndiyo hatari? Mimi nilidhani hatari ni kinga kumshambulia mtoto.

Fundi Hadubini

Hapo ndipo niliposimama na mimi, nikarudia kusoma mara tatu.

Seli NK za mji wa mimba kazi yao ni kusaidia. Zikichangamshwa kiasi, zinatoa kemikali zinazowaita trofoblasti waingie ndani zaidi. Zikifungwa breki mno, zinanyamaza, trofoblasti hawaitwi, mishipa haitanuki. Kinga iliyotulia kupita kiasi inamnyima mtoto damu.

Sasa Kampala. Profesa Annettee Nakimuli wa Makerere, akishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge, alichukua damu za kina mama wa hospitali ya Mulago, waliougua na wasiougua, pamoja na za watoto wao. Kazi ilitoka mwaka 2015. Hatari ikawa ile ile ya Ulaya: mama AA, mtoto C2. Ila kinga dhidi ya hatari ikawa tofauti. Wazungu wanalindwa na kipande kimoja cha fungu B, kilicho na kichochezi KIR2DS1. Waganda wanalindwa na kipande kingine cha fungu hilo hilo, upande wa pili wake, chenye KIR2DS5, ambacho kwa sura hiyo hakipo Ulaya. Na C2 kwetu Afrika ni nyingi kuliko kule.

Hebu fikiria wangeishia kuchunguza Ulaya tu. Wangeandika kwamba KIR2DS1 ndiyo mlinzi, wakafunga kitabu, na kina mama wa Mulago wangepimwa kwa rula isiyo yao. Hili linaniudhi na kunifurahisha kwa pamoja.

Dk Mstaafu

Niongeze moja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini fungu A halijafutika kama lina madhara hivyo. Kuna ushahidi kwamba breki za fungu A zinaendana na kupambana vizuri na baadhi ya virusi, homa ya ini C ikiwa mfano. Na upande wa pili wa mizani, mama mwenye kichochezi KIR2DS1 na mtoto mwenye C2 huelekea kuzaa mtoto mzito zaidi. Mkunga anajua mtoto mkubwa mno kwenye nyonga ndogo ni nini.

Binti Mkunga

Najua sana. Usiku mzima najua.

Swali la mwisho. Je, nimpeleke mama apimwe hiyo AA na C2? Kliniki kesho nina kina mama zaidi ya thelathini.

Fundi Hadubini

Hapana dada. Bado ni kipimo cha utafiti, na hata ukijua, huwezi kubadili jeni zake wala kumbadilisha baba. Wewe una silaha zako: kupima presha kila hudhurio, kupima mkojo, kumuuliza kuhusu kichwa kuuma na kuona maluweluwe.

Dk Mstaafu

Na aspirini ndogo, miligramu 75 kwa siku, kwa mwenye vihatarishi, kama aliyepata presha mimba iliyotangulia, mwenye kisukari au mapacha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ianze kabla ya wiki 20, ikiwezekana wiki ya 12, yaani wakati trofoblasti wanachimba. Akija miezi saba umeshachelewa, mishipa imeshatanuka au haikutanuka. Na pale ambapo watu wanakula kalsiamu kidogo, wanapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku.

Kibuyu cha Asali

Kalsiamu tena! Si ndiyo ile inayosimamisha mikono ya gundi?

Dk Mstaafu

Ni kalsiamu ile ile, lakini usiunganishe haraka. Kwenye presha ya mimba inaelezwa kwa njia ya mishipa na homoni. Nimeshasema uzuri wa hadithi usitupofushe.

Kibuyu cha Asali

Nimekaa chini daktari.

Binti Mkunga

Wengi wetu wanakuja wiki ya 24 ndiyo hudhurio la kwanza. Sasa angalau nina maneno ya kuwaambia kwa nini waje mapema, badala ya "ni utaratibu". Nitawaambia kuna mafundi wanachimba mfereji nusu ya kwanza ya mimba, na wakimaliza hawarudi.

Nimepiga picha hiyo post ya Mulago. Kesho saa nne kwenye chai ya wodi naisoma kwa sauti.

Fundi Hadubini

Ukiisoma, anza na ile ya breki nyingi. Uone sura zao.